Unaporudi Nyumbani, Itazame Njia

SOMO LA WIKI
Maandiko: Hesabu 33:1-49, 1 Samweli 17:12-22, Mwanzo 33:12-14
Aya ya kukariri: 1 Samweli 17:18



Disemba ndiyo hii. Watoto wamefunga shule, na hapa Bondeni watu wameshaanza kuulizana nauli imefika ngapi. Mtaa wetu ni wa watu waliotoka kwingi. Ukiketi katika ibada ya kwanza, kwenye benchi moja utapata mtu wa Kakamega, wa Siaya, wa Kisii, wa Bomet na wa Murang'a, na wote wakiulizwa kwao ni wapi, hakuna anayejibu "Nakuru" mara ya kwanza. Wiki chache zijazo nusu ya viti vyetu vitakuwa vitupu, kwa sababu watakatifu wako ushago.

Katika somo hili nitatumia barabara ya magharibi, ile ya kutoka hapa kwenda Mau Summit na kuendelea, kwa kuwa ndiyo wengi wetu watapita. Kama kwenu ni Nyeri au Machakos, chukua somo uliweke kwenye barabara yako, litatosha.

Swali la leo ni dogo. Hizo saa nne, tano au saba utakazokaa ndani ya gari, utazifanyia nini? Wengi wetu tunalala. Wengine wanafungua simu Salgaa na kuinua kichwa Ahero. Mimi nataka kuwaonyesha kutoka kwa Neno kwamba kuitazama njia ni jambo ambalo Mungu mwenyewe aliliagiza, na kwamba anayejizoeza kuitazama njia ataweza pia kuwatazama watu wake akifika. Hapo kwa watu wetu ndipo penye uzito wa somo hili.

1. MUNGU ALITAKA VITUO VIANDIKWE

Fungua Hesabu 33. Ni sura ambayo wasomaji wengi wa Biblia huiruka, maana inaonekana kama orodha ya stegi za matatu. Walitoka hapa, wakapiga kambi pale. Wakatoka pale, wakapiga kambi kule. Vituo zaidi ya 40, kutoka Ramesesi huko Misri hadi nchi tambarare za Moabu. Ukisoma aya ya pili utaona kwamba Musa hakuandika orodha hiyo kwa kupenda kwake. Bwana ndiye aliyeamuru.

Jiulize kwa nini. Israeli walikuwa wanakaribia kufika. Mbele yao kulikuwa na nchi ya kurithi, mipaka ya kupima, vita vya kupigana. Mtu wa kawaida angesema yaliyopita yamepita, tuangalie mbele. Lakini kabla hawajavuka, Mungu anamketisha mzee Musa chini na kumwambia aandike njia.

Tena angalia ni nini kiliandikwa. Katika aya ya 9, kituo cha Elimu, Musa anahesabu chemchemi 12 na mitende 70. Katika aya ya 14, Refidimu, anaandika kwamba watu hawakuwa na maji ya kunywa. Na kuanzia aya ya 38, mlima Hori, anaandika kifo cha ndugu yake Haruni, pamoja na tarehe na umri wake, miaka 123. Miti imo, maji yamo, ukame umo, kaburi limo. Musa hakuandika vituo vizuri peke yake.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo mniwie radhi nikitumia lugha ya dukani. Mwenye duka anayeangalia droo ya pesa peke yake hajui duka lake. Lazima siku moja afunge mlango, apande ngazi, ahesabu kilichoko kwenye rafu: kipi kimeisha, kipi kimeoza, kipi kimekaa sana. Tunaita kuhesabu stoki. Hesabu 33 ni stoki ya miaka 40. Na safari ya Disemba ni nafasi ya kila mmoja wetu kuhesabu ya mwaka, au ya miaka mitatu kama hujaenda siku nyingi.

2. NJIA YETU INASEMA NINI

Hebu tuisome barabara yetu kama Musa alivyosoma yake.

Anza hapa hapa kabla hujapanda gari. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajui Nakuru nyingine. Na ziwa letu nalo limebadilika. Wazee wa Bondeni wanakumbuka katikati ya miaka ya 1990 lilipokauka hata vumbi jeupe likapeperuka kuja mjini. Halafu kuanzia karibu 2010 maji yakaanza kupanda, yakafunika barabara za ndani ya mbuga pamoja na geti la zamani, na flamingo wengi wakahamia maziwa mengine. Mambo yote hayo mawili, kukauka na kufurika, yametokea ndani ya maisha ya mtu mmoja ambaye hata mvi hajaota nyingi.

Ukitoka mjini unapita Ngata. Kama uliijua zamani, utakumbuka mashamba. Leo ni mageti, mabati ya rangi na mabango ya ploti. Kisha unashuka hadi Salgaa, na kutoka hapo barabara inaanza kupanda. Masikio yanaziba kidogo. Upepo unabadilika. Kina mama wanasimama kando ya barabara na viazi, karoti na kabeji, na ukiteremsha kioo baridi inaingia kama umefungua friji.

Halafu unafika Mau Summit, na hapo kanisa letu linagawanyika mara mbili.

Wanaoshika kushoto wanaelekea Londiani, Kericho na mbele. Unaingia kwenye chai. Mashamba makubwa ya biashara ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na mpaka leo ule ukijani umekatwa sawasawa kama nywele zilizotoka kinyozi. Zamani ungeona wachumaji wengi na vikapu mgongoni. Siku hizi katika mashamba makubwa utaona pia mashine zikichuma, na kila mashine moja ina hadithi ya familia kadhaa zilizopoteza kazi. Baadaye barabara inateremka. Unavua sweta. Nandi inasimama kama ukuta upande wa kulia, miwa inaanza, kisha tambarare ya Kano na mpunga wa Ahero. Umetoka Nakuru, mita karibu 1,850 juu ya bahari, ukapanda zaidi ya mita 2,000, na sasa unashuka hadi Kisumu, mita karibu 1,130. Mwili wako umepitia hali ya hewa tatu kabla ya chakula cha mchana.

Wanaoshika kulia wanavuka ikweta na kufika Timboroa, ambako stesheni ya reli iko juu kuliko stesheni nyingine zote za nchi yetu. Halafu Burnt Forest, halafu mahindi na ngano ya Uasin Gishu, halafu Eldoret ambayo nayo ikawa jiji Agosti 2024. Mkiendelea mnafika Webuye. Ndugu zangu wa Bungoma wanajua: zamani hukuhitaji kuuliza kama umefika Webuye. Ungekuwa umefumba macho, harufu ya kiwanda cha karatasi ingekuambia. Watu walilalamikia ile harufu miaka na miaka. Kisha 2009 kiwanda kikafungwa, hewa ikawa safi, na maduka yakaanza kufungwa pia, nyumba za kupanga zikabaki wazi. Kuna waliosema afadhali ile harufu irudi. Wa Mumias nao wana hadithi kama hiyo ya sukari.

Na kama Musa alivyomwandika Haruni, njia yetu pia ina vituo vya kifo. Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Migaa, alfajiri ya 31 Disemba 2017, basi na lori vikagongana, wakafa watu 36 waliokuwa wanatoka kusherehekea Krismasi nyumbani. Londiani Junction, jioni ya 30 Juni 2023, lori liliwaparamia wachuuzi na magari kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Na karibu na Eldoret, Kiambaa, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia usalama ndani ya kanisa la Kenya Assemblies of God walichomewa humo humo.

Naandika haya kwa uangalifu, maana wako ndugu ndani ya ushirika huu ambao wakipita Burnt Forest wananyamaza. Wengine walifika Nakuru mwaka huo wa 2008 wakiwa na nguo walizovaa tu, wakalala Showground kwenye mahema. Nawe unayepita hapo ukila mahindi ya kuchoma, kama umeketi karibu na mtu aliyenyamaza ghafla, usimuulize haraka ana nini. Punguza muziki. Omba kimya kimya. Njia moja haisomwi sawa na kila abiria.

3. KINACHOFANYIKA JUU KINAFIKA CHINI

Kuna jambo lingine ambalo macho yatakuonyesha kwenye njia hii, nalo linatufaa sana katika familia.

Msitu wa Mau, ukiwa mzima, una ukubwa wa hekta karibu 400,000. Humo zinaanzia njia za maji ya mito mingi: Njoro unaoingia ziwa letu hapa, Mara, Sondu, na mingineyo. Mwaka 2009 jopo la serikali lilisema karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika miaka kama 15 iliyotangulia. Miti ikikatwa, mvua haikai ardhini. Inatelemka yote kwa pamoja, imebeba udongo.

Sasa ufuate mto Nyando. Maji yake yanatoka kwenye misitu ya Londiani na Tinderet, na yanaishia kwenye tambarare ya Kano. Mama wa Kano ambaye nyumba yake imejaa maji mwezi wa Aprili hajawahi kukata mti hata mmoja kule juu. Pengine hajawahi hata kufika Londiani. Lakini tope lililo sebuleni kwake limetoka huko. Na maji hayo hayo, yakija kwa kiasi, ndiyo yanayomstawishia mpunga.

Familia iko hivyo hivyo. Wazee waliamua jambo miaka 30 iliyopita, na leo wajukuu wanagombana juu ya ua. Babu alikuwa na ekari nane, akawa na wana wanne, nao wakawa na wana, na sasa kila mtu ana kipande ambacho trekta haiwezi kugeuka ndani yake. Ukifika nyumbani ukaona ua mpya wa michongoma mahali ambapo palikuwa wazi, usipite tu. Huo ua una maneno. Kuna mtu alikasirika kabla haujapandwa.

Na ninyi mlio juu, yaani ninyi mnaofanya kazi mjini, mnaosikizwa mkipiga simu, mjue kwamba maneno yenu yanateremka. Ukimwambia ndugu yako kwa simu, "Hilo shamba tutauza," na wewe uko Nakuru, kule nyumbani mafuriko yameanza. Afadhali uende, utembee kwenye mpaka kwa miguu, uone, ndipo useme.

4. LITAZAME BOMA KAMA ULIVYOITAZAMA NJIA

Sasa tuje kwa Daudi. Tunapenda 1 Samweli 17 kwa sababu ya Goliathi, lakini tusome mwanzo wake. Yese, mzee wa Bethlehemu, ana wana watatu vitani. Anamwita mdogo na kumpa mzigo: bisi za nafaka, mikate kumi ya ndugu zake, na jibini kumi za mkuu wa kikosi. Mpaka hapo ni kama sisi na mifuko yetu ya sukari, unga na mkate wa mjini. Lakini mzee anaongeza kazi mbili katika aya ya 18: Daudi aangalie ndugu zake wana hali gani, na arudi na kitu cha kumhakikishia baba.

Wapendwa, Yese angeweza kumtuma mtumishi na punda. Mzigo ungefika. Alimtuma mwana kwa sababu alitaka macho.

Sisi tuna njia ya kutuma mzigo bila macho. M-Pesa ilianza 2007, na imekuwa baraka kubwa. Dakika moja, na mama amepata ya dawa. Simdharau mtu anayetuma. Anayetuma kila mwezi anaheshimu wazazi, na Mungu anaona. Ninachosema ni hiki: ile meseji ni risiti. Risiti inakuambia pesa imepokelewa na nani, saa ngapi. Haikuambii nani alipika jana, wala kama mpokeaji alikula.

Dada mmoja wa ushirika wetu ameniruhusu nisimulie jambo lake bila jina. Kwao ni magharibi, na mama yake anaishi peke yake. Dada huyu alikuwa anatuma pesa ya chakula kila mwezi bila kukosa. Kila akipiga simu mama alisema, "Niko sawa, mwanangu, Mungu ni mwema." Disemba moja akaenda. Siku ya pili asubuhi akachukua mtungi kwenda kisimani, kama alivyozoea akiwa msichana. Akafika nyuma ya nyumba, akasimama. Ile njia ya kushuka kisimani ilikuwa imeota nyasi, mpaka kwenye magoti.

Njia inayokanyagwa kila siku haioti nyasi. Akarudi ndani, akaketi jikoni, akauliza polepole:

"Mama, siku hizi nani anakutekea maji?"

"Ni kijana wa pale ng'ambo. Nampatia kitu kidogo."

"Kila mtungi?"

Mama akanyamaza, kisha akasema, "Magoti yangu hayashuki tena kule, mwanangu. Tangu mvua ile kubwa."

Ile pesa ya chakula ilikuwa inanunua maji. Mama alikuwa anakula mara moja kwa siku, na hakutaka kumsumbua mtoto aliye mjini na karo na kodi ya nyumba. Hakusema uongo alipojibu "niko sawa". Ndivyo mama zetu wanavyozungumza. Dada huyu akawaita kaka zake, wakachanga, wakaweka mifereji kwenye paa la mabati na tangi moja chini yake. Kabla ya kurudi Nakuru, kijana yule wa jirani alikuwa amepewa kazi nyingine, ya kumchotea mama kutoka kwenye tangi na kumletea kuni.

Angalia kilichomwokoa mama huyu. Ni binti aliyetazama nyasi akajiuliza ni kwa nini ziko hapo.

Basi ukifika nyumbani, kabla hujafungua mifuko, zunguka boma. Angalia paa. Angalia zizi: ng'ombe wako wangapi, na kama wamepungua, walienda wapi? Angalia kama kuna moshi jikoni asubuhi. Angalia shamba limelimwa mpaka wapi, maana mzee akichoka huanza kuacha ile sehemu ya mbali. Angalia dawa ziko wapi na kama zimeisha. Angalia baba anashika nini anapoinuka kwenye kiti. Mtazame anayekaa na wazazi, yule ndugu au mke wa ndugu ambaye hakuenda mjini, amekonda? Amechoka? Mara nyingi tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wazazi na kumsahau anayewaosha.

Usifanye kama mkaguzi wa hesabu. Usiingie na daftari ukiuliza pesa zilienda wapi. Yese alimtuma Daudi na mikate, naye akawasalimu ndugu zake kwanza. Hata hivyo kaka mkubwa, Eliabu, alikasirika na kumwambia Daudi amekuja kushangaa tu. Soma mpaka aya ya 28. Anayetazama anaweza kueleweka vibaya. Tazama kwa upole, uliza kidogo, saidia kwanza.

5. NENDA KWA MWENDO WA WADOGO

Mwanzo 33. Yakobo naye yuko safarini kurudi nyumbani baada ya miaka mingi. Amepatana na Esau, na Esau kwa furaha anamwambia twende pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu. Anasema watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, wakikazwa hata siku moja watakufa. Ataenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto.

Ndugu dereva, aya hiyo weka mbele ya usukani. Hakuna zawadi ya kufika Kakamega nusu saa kabla ya jirani. Mteremko wa Salgaa umezika wengi waliokuwa na haraka ya Krismasi. Toka mapema, pumzika, kataa kuendesha usiku kama umechoka. Na ninyi abiria, matatu ikienda mbio semeni. Mkiwa wengi mkasema kwa pamoja, dereva atasikia.

Mwendo wa watoto una faida nyingine. Mpe mtoto kazi. Mwambie ahesabu mito yote mtakayovuka na kuandika majina. Muulize miti imebadilika wapi, watu wanauza nini Mau Summit na wanauza nini Ahero. Mwambie, "Hapa ndipo babu yako alishukia kwenye gari moshi alipokuja kutafuta kazi Nakuru." Reli ilifika Kisumu Disemba 1901, na wengi wa babu zetu walifika Bondeni kwa sababu ya reli hiyo. Mtoto asiyejua njia ya kwao atakuwa mgeni kwa bibi yake. Akizoea kutazama dirisha, siku moja atakutazama wewe pia, ukiwa mzee.

Na ukifika, usiwe mtu wa tarehe 24 jioni na 26 asubuhi kama unaweza kukaa zaidi. Siku ya kwanza kila mtu ni mgeni. Kuku anachinjwa, watu wanacheka. Mambo ya kweli yanasemwa siku ya tatu, mkichambua mboga au mkikamua ng'ombe.

KWA WASIOENDA

Najua kuna mtu anasoma hapa na moyo wake umeshaanguka. Hana nauli. Au anayo nauli, lakini hana cha kubeba, na anaogopa kuingia bomani mikono mitupu watu wakiangalia mfuko kwanza na uso baadaye. Ndugu yangu, wazazi wengi wangekupokea bila hata kilo ya sukari. Kama nauli ipo, nenda. Beba mikono, kuna ua wa kutengeneza na kuni za kupasua. Kama nauli haipo, piga simu ndefu, na badala ya "mko sawa?" uliza maswali madogo: jana mlikula nini? Nani alienda sokoni? Paa linavuja upande gani?

Wengine hawana pa kurudi. Wazazi wamelala, au nyumbani pana watu wengine, au 2008 palichomwa. Kanisa litakuwa wazi Krismasi, tutakula pamoja. Kila familia inayobaki Nakuru na ichukue angalau mtu mmoja. Na ninyi mnaosafiri, mkirudi, waulizeni waliobaki siku yao ilikuwaje.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA IBADA YA KWANZA YA JANUARI

1. Soma Hesabu 33 yote kwa sauti na familia, hata kama majina ni magumu.
2. Andika vituo vyako vya safari kwenye karatasi moja: ulichoona kimebadilika njiani, na ulichoona kimebadilika bomani.
3. Chagua jambo moja tu kati ya uliyoyaona, litengeneze au lianzishe kabla hujarudi. Shirikisha ndugu zako, hata kama kila mmoja ana mia mbili.
4. Rudi na ushuhuda. Yese alingoja habari. Kanisa nalo linangoja.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini unadhani Mungu alitaka kifo cha Haruni kiandikwe katika orodha moja na mitende ya Elimu?
2. Ni uamuzi gani wa waliokutangulia ambao "maji yake" yamefika kwako? Wewe unatelemshia watoto wako nini?
3. Mara ya mwisho kuzunguka boma la wazazi wako kwa miguu ilikuwa lini?

OMBI

Baba, wewe uliyehesabu vituo vya watu wako jangwani, hesabu na vituo vyetu. Linda magari yote yatakayopita Salgaa, Mau Summit na Timboroa. Wafariji wanaopita mahali walipopoteza wapendwa wao. Tupe macho ya kuona nyasi zilizoota njiani, na moyo wa kuuliza kwa upole. Wape wazee wetu maji, chakula na watu wa kuwatazama. Turudishe salama. Katika jina la Yesu. Amina.